Mkebe wa Nne

Wapo watu ambao ukiwakumbuka unajua mara moja uwaweke fungu gani, la wema au la wabaya. Bwana Msitu nimeshindwa kumweka. Kila nikimpandisha fungu moja ananiteremkia jingine, nami nabaki nimeduwaa kama siku ile ya kwanza nilipomkuta amepiga magoti juu ya ubao, katikati ya msitu, akisubiri ardhi ipumue.

Ukoo wake siujui vizuri na sitaubuni. Alikuwa Mkuria, akaletwa kwetu kutoka upande wa Migori miaka ya mwanzo ya uhuru, akapewa nyumba ya bati pale msitu wa Gwassi unapoanzia, juu ya soko la Kisegi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi chini ya mlima, nimeolewa hapo mwaka mmoja tu. Mama mkwe aliniita Nyar Asumbi, binti wa Asumbi, kama desturi ya huku inavyotaka mke aitwe kwa alikotoka. Bwana Msitu aliniita Mwalimu. Mimi na wengine wote tulimwita kwa kazi yake, na sidhani kama kuna aliyewahi kuona haja ya jina jingine.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kulinda miti. Hiyo aliifanya kwa namna iliyowachanganya watu. Akimkamata mwanamke amekata mti mbichi, anamnyang'anya panga na kumfokea mpaka ndege wanahama. Kesho yake panga linarudi nyumbani kwa mwenyewe, limenolewa. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Panga butu inaumiza mti zaidi." Sasa niambie, huyo alikuwa anawakataza watu kukata au anawafundisha?

Kazi ya pili ndiyo aliyoipenda. Wakubwa wa ofisi ya misitu walitaka kujua kama wenyeji waruhusiwe kuchoma nyasi na vichaka ukingoni mwa msitu kabla ya mvua, kama walivyofanya tangu zamani, au wakatazwe kabisa. Walimwambia apime jinsi udongo unavyopumua ukichomwa na usipochomwa. Basi akatenga vipande viwili vya ardhi, kimoja cha kuchomwa na kingine cha kuachwa, akachimba mtaro mwembamba kuzunguka kila kimoja. Watu wakasema Mkuria anajichimbia kaburi, na tena mawili, sijui la pili la nani. Mtaro ule ulikuwa wa kukata mizizi ya miti, kwa sababu mizizi nayo hupumua, na yeye alitaka pumzi ya udongo peke yake.

Kila kipande kilikuwa na ubao wa kukanyagia, ili miguu isishindilie udongo, na mikebe miwili. Mkebe wenyewe ulikuwa debe la mafuta ya taa lililokatwa nusu, likafudikizwa, kingo zake zikazama udongoni kiasi cha kidole. Chini yake aliweka kikombe cha glasi chenye maji ya magadi makali, yale ya kuunguza ngozi. Hewa inayotoka ardhini, ileile tunayoitoa puani, ilinaswa humo. Kesho yake anafunua, anatia dawa, maji yanageuka rangi ya waridi, halafu anadondosha asidi tone kwa tone mpaka waridi itoweke. Matone yakiwa machache, maana yake udongo umepumua sana. Mimi nilidhani ni kinyume chake, na Jumamosi yangu ya kwanza nilimwandikia kwamba msitu umekufa.

Nasema Jumamosi yangu kwa sababu yeye alikuwa Msabato. Siku hiyo hakugusa hata kijiko. Lakini udongo hauna dhehebu, unapumua siku zote saba, na kitabu chake kilikuwa na pengo kila wiki ambalo lilimnyima raha. Akazunguka akitafuta Mkatoliki anayejua kusoma namba, akanipata mimi. Nilimtania, nikamwambia, "Kwa hivyo dhambi ya Jumamosi unanibebesha mimi?" Akajibu bila kucheka, "Wewe yako ni Jumapili, Mwalimu. Tumegawana." Mume wangu hakuwa na neno, na Mama mkwe alisema afadhali niende kuhesabu matone kuliko kukaa soko la Kisegi nikihesabu masengenyo.

Kitabu kile kilikuwa na sheria. Atakayeiona namba ndiye atakayeiandika, kisha atie sahihi pembeni. Kufuta hakuruhusiwa. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa liendelee kusomeka, halafu unaandika la kweli pembeni. "Kosa ukifuta, itarudi," alisema. "Ukipiga mstari, inakaa mahali yake." Na ukimwonyesha namba ya ajabu, ukaanza kushangaa na kuuliza imekuwaje, alikunyamazisha kwa mkono. "Andika kwanza. Shangaa baadaye."

Alikuwa na mengine yaliyonishinda. Aliishi mlimani, ziwa liko chini yake, lakini mumi hakumla, wala samaki yeyote asiye na magamba, kwa ajili ya dini yake, ila akipita kwetu mumi yuko jikoni alisimama karibu na dirisha muda mrefu kuliko salamu ilivyohitaji. Aliwatisha wachungaji, lakini mwaka wa ukame niliona kwa macho yangu ng'ombe wamo ndani ya msitu naye amegeuka upande wa pili anahesabu miche. Nilimwona akimkaripia mzee mzima kwa kutupa kijinga cha moto kando ya njia. Na ni yeye huyohuyo aliyewasha moto mkubwa kuliko wote.

Mkebe wa kwanza na wa pili ilikuwa kwenye kipande kisichochomwa, wa tatu na wa nne kwenye kile cha kuchomwa. Wa kwanza na wa tatu aliijengea vipaa vya nyasi ili mvua isiingie. Wa pili na wa nne iliachwa wazi inyeshewe, na mvua ikikawia aliimwagilia kwa kopo. Hivyo wa nne ndio uliokuwa na yote mawili, moto na maji. Namba yake ndiyo ofisi iliyokuwa ikiingojea, na yeye pia, kwa sababu aliahidiwa kwamba ripoti ikikubaliwa atapelekwa kusoma. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeshaanza, lakini akilitaja jambo hilo sauti yake ililegea.

Akachagua siku isiyo na upepo, kabla ya mvua za masika, akachoma kipande chake. Moshi ulipanda ukaonekana mpaka sokoni. Hakujua alichokifanya. Nami sikujua, kwa kuwa nilikuwa mgeni.

Pale mlimani mwaka ulikuwa na mlango, na mlango ule ulikuwa na mwenyewe. Jaduong', yaani mzee mkubwa wa mlima, ndiye aliyekuwa akiwasha moto wa kwanza kusafisha shamba. Wengine hufuata. Mvua ikija, aliyetangulia kuwasha ndiye anayetangulia kupanda, hata kama ni kiganja kimoja cha mtama. Hapo ndipo kila mji, yaani boma la familia, hutoa mbegu zake, mama mkwe kwanza, wake za wana baadaye. Kumpita aliyekutangulia ni kujitakia mwaka wa njaa, na si njaa yako peke yako.

Jaduong' alipouona moshi wa Bwana Msitu, hakukasirika. Aliweka kiberiti chake chini. Alisema mwaka umefunguliwa na mtu mwingine, basi tumngoje.

Mvua ikaja. Bwana Msitu alifurahi kama mtoto aliyepewa muwa. Mkebe wa nne uliruka juu siku ileile udongo ulipolowa, matone yakawa machache ajabu, pumzi imetoka yote kwa mkupuo. Siku chache baadaye ukaanza kushuka, ukashuka mpaka chini ya mkebe wa pili. "Umeona, Mwalimu?" aliniambia. "Moto na maji zikikutana, udongo inatoa akiba yote mara moja. Halafu inabaki maskini." Alisema akipata wiki nyingine kama sita za namna hiyo, ripoti imekamilika. Siku hizi nasikia wasomi wakisema hewa ile ndiyo inayoitia dunia joto, na mvua ya kwanza juu ya ardhi kavu ndiyo inayoifungua. Sisi tuliiona ikitoka, hatukujua tunaona nini.

Huku chini hakuna aliyepanda. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Udongo ulikuwa tayari, magugu yanaota, mtama umo vibuyuni. Ghala la Mama mkwe lilikuwa limebaki vumbi. Kila asubuhi alitoka, akaangalia juu mlimani, akarudi ndani.

"Nyar Asumbi," akaniambia wiki ya tatu, "yule mtu wako wa mikebe anangoja nini?"

"Mama, yeye hapandi. Anapima tu."

"Anapima nini, na sisi tunakufa?"

Jaduong' mwenyewe alipanda mlima, mimi nikaandamana naye. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, cha Bwana Msitu kilikuwa cha serikali, lakini walielewana.

"Wewe naweka moto," mzee alisema. "Sasa wewe napanda. Kidogo tu. Sisi nangoja wewe."

"Mzee, mimi si mkulima. Hii ni ya kupima. Nikipanda hapa mizizi itapumua, kazi yote imeharibika."

"Sawa. Pima. Lakini moto ni yako. Mbegu ya kwanza ni yako."

"Pandeni nyinyi! Nani amewakataza?"

Mzee alikaa chini palepale kandokando ya mtaro, akatoa kiko chake, akavuta. Bwana Msitu akanitazama mimi, kana kwamba mimi ningeweza kumtafsiria mtu asiyesema. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia mvua ya kupandia itakwisha, na watu hawa hawatapanda, na nyumbani kwangu chakula kilichobaki si cha mwezi. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Bwana Msitu aliangalia mikebe yake mmoja mmoja. Mwisho akasema, "Kesho asubuhi. Mwambie mzee alete watu."

Wakaja watu wengi. Bwana Msitu akatoka na mtama kwenye sufuria ndogo, akapita kwenye ubao wake, akatifua na kufukia kiganja kizima katika kipande kilichochomwa, mbele ya macho yote. Wanawake wakapiga vigelegele. Kufikia saa sita mlima mzima ulikuwa ukilima. Mama mkwe alipanda, nami nikapanda nyuma yake. Jioni nilipokaa kupumzika nilijiambia kwamba nimemwona mtu akiua kazi yake kwa ajili ya watu wasio wake.

Lakini kulikuwa na punje moja. Ilikuwa imeanguka kwenye ubao, nikaiokota asubuhi nikaitia mfukoni, na jioni hiyo nikaitia mdomoni bila kufikiri, kama tunavyofanya sote. Ikavunjika kavu chini ya jino, na ladha ilikuwa ya jikoni. Ulikuwa mtama uliokaangwa.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Jaduong' angesikia, mlima wote ungeacha majembe. Na mimi, niliyefundishwa na watawa, niliyekuwa nikiwaambia watoto darasani kwamba mbegu inahitaji maji na joto na si ruhusa ya mtu, nilikosa usingizi. Sikuamini kwamba mbegu mfu ya kwanza inaua mwaka. Pia sikuweza kuacha kuamini. Nilimkasirikia, halafu nikamwonea huruma, halafu nikakasirika tena. Alikuwa amewadanganya, lakini walikuwa wamepanda. Alikuwa ameiokoa kazi yake, na sisi pia. Kosa lilikuwa wapi hasa?

Jumamosi ikafika. Nilichota mtama kidogo kwenye kibuyu cha Mama mkwe, mtama hai, nikaufunga kwenye pindo la kitambaa. Nikapanda mlima kama kawaida, mchana kweupe, nikahesabu matone ya mikebe yote minne, nikaandika, nikatia sahihi. Kisha nikafukia zile punje kando ya mkebe wa nne, ambako udongo ulikuwa na unyevu. Nikashuka moyo umetulia. Ndivyo nilivyokuwa na elimu yangu yote.

Mabua matatu yakaota.

Nilimwona Bwana Msitu amesimama mbele yake, mikono nyuma, muda mrefu sana. Kuyang'oa hakuweza, watu walikuwa wakipita kila siku kuangalia mtama wa kwanza unaendeleaje. Yakakua. Na kadiri yalivyokua, mkebe wa nne, uliokuwa umeshuka, ukaanza kupanda tena, polepole, wiki kwa wiki. Mimi mwenyewe niliziandika namba hizo za Jumamosi. Sahihi yangu iko pale. Pembeni mwa namba za siku nyingine yeye aliandika maneno mawili tu: sababu haijulikani.

Ofisi ilirudisha ripoti. Walisema habari ya mkebe wa nne haieleweki, kwa hivyo yote yawekwe kando. Kusoma hakwenda. Mwaka haukuisha wakamhamisha, wakampeleka upande wa Migori kutunza kitalu cha miche. Mavuno yetu, mkitaka kujua, hayakuwa mazuri wala mabaya. Tulikula. Mtoto alizaliwa mzima. Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga, akanipa mkono, akasema, "Asante kwa Jumamosi, Mwalimu," na mimi nikajibu asante na wewe, nikaukimbia uso wake.

Nilimwona mara moja tu tena, mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilitumwa Migori kwa mambo ya shule, nikasikia kwamba kitalu kiko karibu na mto na kwamba mzee wa pale anastaafu mwezi ule. Nikaenda. Nilimkuta kati ya mistari ya miche ya mikaratusi, kichwa cheupe, kopo mkononi, anamwagilia. Alinitambua kabla sijasalimu.

"Mwalimu wa Jumamosi!"

Tukakaa kwenye benchi nje ya kibanda. Mkewe akaleta uji. Tukaulizana habari za watoto, za ziwa, za Jaduong' aliyekuwa amefariki. Halafu akaingia ndani, akatoka na kile kitabu. Ofisi hawakukitaka, alisema, kwa hivyo alikaa nacho. Akafungua palepale bila kutafuta.

"Nataka kukwambia kitu kabla sijaenda nyumbani," akasema. "Wewe ulikuwa unaniona mtu wa maana. Ile mtama nilipanda, nilikuwa nimekaanga. Nilikaanga usiku, mimi mwenyewe."

Nilitaka kusema najua. Nikachukua uji wangu.

"Nilikaanga vizuri, Mwalimu. Hakuna mbegu inaweza kutoka pale. Na ikaota." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Mimi nilijua sababu ya mkebe wa nne kupanda. Ilikuwa mizizi ya mtama. Lakini ningeandika mtama, wangeuliza nani alipanda, na kwa nini. Nikaandika haijulikani. Kitabu yote hii ni kweli isipokuwa hapo." Akaulainisha ukurasa kwa kiganja. "Nikasema, Mungu ameotesha mbegu mfu ili anionyeshe. Toka siku hiyo sijadanganya mtu hata kwa mche mmoja."

Sasa nifanye nini? Mbele yangu alikuwa mtu aliyejenga miaka yake ya mwisho juu ya muujiza, na muujiza wenyewe ulitoka kwenye pindo la kitambaa changu. Nikimwambia, namnyang'anya. Nikinyamaza, naacha uongo wangu ukae chini ya wake. Nilikunywa uji wote, polepole, bado sijui. Kisha nikaona mdomo wangu unasema wenyewe.

"Bwana Msitu, ni mimi. Nilionja punje yako. Jumamosi ile nilipanda mbegu hai."

Nilingoja akasirike. Nilingoja alie. Alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo sijaielewa, sijui ni mtu aliyepoteza kitu au aliyerudishiwa. Akatoa kalamu mfukoni.

"Umbali gani kutoka mkebe?"

"Kama shubiri moja."

"Upande gani?"

"Upande wa ziwa."

"Punje ngapi?"

"Sikuhesabu. Pengine kumi."

"Na zikaota tatu," akasema, akaandika. Kisha akarudi juu, kwenye yale maneno mawili, akayapiga mstari mmoja mwembamba, yakaendelea kusomeka. Pembeni akaandika neno moja, mtama. Herufi zilinyooka.

"Sasa inaeleweka," akasema. "Mkebe wa nne ulikuwa sawasawa."

Akanisogezea kitabu na kalamu, akaniwekea kidole pembeni mwa lile neno, mahali pa sahihi.